Pijo ya Daktari Semboja

Hapo zamani, na msidhani nasema zamani ya wafalme na majini, nasema zamani hii ya karibu ambayo baadhi yenu mliipita mkiwa mmebebwa mgongoni, palikuwa na gari moja pale Muheza. Lilikuwa Pijo, saluni ya milango minne, rangi ya maziwa yaliyodondoshewa chai. Mwenyewe alikuwa Daktari Semboja. Kwa vyeti hakuwa daktari, alikuwa mganga msaidizi. Lakini mtu aliyekushona kidole, akamzalisha mkeo salama, akakutibia malaria ya mwanao kwa mkopo usiodaiwa, utamwitaje? Tulimwita Daktari.

Ile ilikuwa miaka ya foleni. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya petroli. Malori ya katani yalikuwepo, matrekta yalikuwepo, lakini gari dogo la kumfikisha mtu aendako na nguo zake zikiwa safi lilikuwa hilo moja. Kwa kadi lilikuwa la Daktari. Kwa kazi lilikuwa letu sote.

Bibi harusi wa miaka ile, awe wa msikitini, awe wa kanisani, alipelekwa na Pijo. Mama yangu alipelekwa na Pijo. Shangazi zangu watatu walipelekwa na Pijo. Mmoja wao aliachika, akaolewa tena, akapelekwa na Pijo mara ya pili, na Daktari akamwambia akimfungulia mlango, "Binti yangu, safari hii ukakae. Petroli ni ya foleni."

Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, Daktari alikwenda Tanga kuyanakili, akarudi, akasimamisha gari uwanjani, akapanda juu ya bampa na kusoma majina ya waliochaguliwa. Mimi jina langu nililisikia nikiwa nimeegemea taa ya kulia ya Pijo ile. Mpaka leo nikinusa harufu ya siti za ngozi zilizopigwa jua, pamoja na spiriti ya sindano, nalisikia tena jina langu likisomwa.

Basi miaka ikaenda. Magari yakaja mengi, foleni zikawa za magari yenyewe. Daktari akastaafu, akazeeka, na mwaka mmoja, wiki mbili kabla ya msimu wa machungwa, akaanguka ghafla bafuni. Hakusema neno tena. Tulimzika watu wengi hata barabara ikafungwa.

Akabaki mjane wake, Bi Damari, ambaye sisi wote tulimwita Mama Daktari. Alikuwa na miaka sabini na minne, na nyumba kubwa ya zamani yenye bati zilizochoka. Mvua ikinyesha, sebuleni kwake alihamisha makochi kulifuata eneo kavu. Mwaka mmoja baada ya msiba akasema, "Gari limekaa bandani halina kazi. Nitaliuza nipate bati."

Sasa shikeni hapo, niwaletee wanunuzi.

Palikuwa na mke na mume. Mke ni Mwalimu Mwantumu, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na nne. Mume ni Kibwana, mkulima wa machungwa. Mtoto wao wa kwanza anaitwa Zena, kwa hiyo wao kwa wao huitana Mama Zena na Baba Zena. Kibwana alianguka kutoka kwenye mchungwa wake mwenyewe, mti alioupanda kwa mikono yake. Mguu wa kushoto ukavunjika pabaya. Ukaungwa kwa chuma, lakini goti likagoma kukunjika, na kwenye ugoko pakabaki kidonda kisichotaka kufunga. Kila Alhamisi ilimpasa aende Tanga kusafishwa. Kwenye basi mguu ule ulilala njiani kama gogo, watu wakauruka, na wengine hawakuruka vizuri. Alirudi nyumbani kidonda kikiwa kimeumia kuliko kilivyokwenda.

Mwalimu alikuwa amebakiza milioni nne katika kiinua mgongo chake. Akasema, "Tunanunua gari. Milioni nne, basi. Sikopi, sichangishi." Leseni alikuwa nayo, aliichukua akiwa na miaka hamsini na sita, watu wakicheka, na waliocheka aliwapita barabarani na pikapu ya shule.

Pale Tanga, kwenye uwanja wa kuuzia magari, palikuwa na kigari cha Kijapani, cheupe, cheti chake kizuri, bei ileile. Mwalimu alikuwa amekwisha kukiona, na moyo wake ulikuwa kwake.

"Kinakunywa kidogo," akamwambia mumewe. "Vipuri vimejaa kila duka. Kina kiyoyozi. Na ni cha juzi, Baba Zena, si cha enzi za foleni."

"Lakini Mama Daktari anauza Pijo," akasema Kibwana.

"Nimesikia."

"Pijo iliyokuleta kwangu, Mama Zena."

"Nimesikia, Baba Zena."

Wakaenda kwanza Tanga. Kibwana akajaribu kuingia mbele, mguu ukagota kwenye dashibodi. Akajaribu kuingia nyuma, mguu ukabaki nje na mlango haufungi. Kijana anayeuza akamwambia, "Mzee, weka mgongo kwanza, halafu jikunje." Kibwana akamjibu, "Mwanangu, ningekuwa najikunja ningepanda basi." Wakajaribu mara nne. Mara ya nne Kibwana alitokwa na jasho, na bandeji ikaanza kulowa. Mwalimu akafunga mlango wa kigari kile polepole, kama mtu anayefunika chungu cha jirani, wakarudi nyumbani.

Kesho yake wakaenda kwa Mama Daktari.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mwalimu. Marahaba, Kibwana. Mguu unasemaje?"

"Unasema usiulizwe," akajibu Kibwana, na mama yule akacheka, akawafungulia banda.

Kibwana aliingia kwa mlango wa nyuma wa kulia. Akakaa, akajivuta kinyumenyume, akaunyosha mguu wake juu ya siti ndefu kutoka mwisho mpaka mwisho. Ukatosha. Mwalimu akafunga mlango, nao ukaitika kwa ule mlio wake mzito, kama mtu mzima anayepokea salamu. Kibwana akafumba macho.

"Hapa ndipo ulipokaa," akasema kutoka ndani. "Na somo wako aliyekufunda akakaa pale. Daktari alipiga honi tangu Ngomeni mpaka mlangoni kwetu. Nilikuwa nimesimama na kanzu ya kuazima, nikaisikia honi kabla sijaliona gari. Nikasema, basi tena, mtu wangu anakuja."

Mwalimu alikuwa amegeuka upande, anaangalia tairi. Aliliangalia tairi lile muda mrefu kuliko inavyohitajika kuangalia tairi. Kisha akasema, "Baba Zena, tumekuja kununua gari. Hatukuja kununua ujana wetu. Ujana hauuzwi, na ungeuzwa usingekuwa bei hii."

"Bei ni milioni nne," akasema Mama Daktari. "Sipandishi, sipunguzi."

"Nipe mpaka Jumamosi, Mama, nilete fundi alikague. Akisema zima, nachukua. Akisema bovu, tutabaki kupendana."

"Nimekubali. Mpaka Jumamosi gari hili ni lako kwa neno langu."

Hawakuandikiana. Wakapewa machungwa wakaenda zao.

Ijumaa, saa nne asubuhi, likaja gari kubwa jeusi kutoka Tanga. Akashuka Bwana Ghalibu, mwenye ukumbi wa harusi. Siku hizi, jamani, mambo yamegeuka: watoto waliozaliwa na viyoyozi wanataka kuolewa kwa magari ya babu zao. Ghalibu alikuwa akitafuta Pijo kama mtu anayetafuta dawa. Akalizunguka lile gari, akalipiga picha, akasema, "Mama, nasikia unauza nne. Mimi nakupa nane. Sasa hivi, zimo garini."

Mama Daktari akatazama juu, kwenye dari ya sebule yake, pale penye madoa ya maji yenye umbo kama la ramani. Nne zingetosha chumba kimoja na sebule. Nane zingeezeka nyumba nzima na kubakiza.

"Nimechelewa kukujua, baba," akasema. "Lina mwenyewe mpaka kesho."

"Amelipa?"

"Hajalipa."

"Mmeandikiana?"

"Hatukuandikiana."

"Basi, Mama, hiyo si karatasi, ni neno tu."

"Ndiyo maana ni zito," akasema Mama Daktari. "Karatasi ningeichana."

Ghalibu akaacha namba yake ya simu na kuondoka. Mama Daktari hakumwambia mtu. Hilo la kwanza, ndugu zangu. Liwekeni kando, tutalihitaji.

Jumamosi Mwalimu akaja na mumewe na fundi. Na fundi wa Pijo pale Muheza alikuwa amebaki mmoja, Mntambo, mwenye gereji ya mabati makuukuu karibu na reli. Vijana wanaotengeneza magari kwa kompyuta walikuwa wamemnyang'anya wateja wote. Siku hizi mikono yake ilitetemeka kidogo akishika spana ndogo, na palipita wiki nzima bila gari kuingia kwake. Lakini Pijo ya Daktari alikuwa ameitunza miaka ishirini na miwili. Nani mwingine angekuja kuikagua?

Sasa niwaambieni jambo ambalo siku ile Mwalimu hakulijua, Kibwana hakulijua, na Mama Daktari hakulijua.

Miaka kumi na mitatu kabla ya siku hiyo, injini ya Pijo ilikufa. Daktari alikuwa amestaafu, pensheni yenyewe ya kuhesabu chumvi. Mntambo akaishusha injini, akaitandaza vipandevipande juu ya gunia, akaifanyia kazi miezi miwili. Siku ilipowaka, Daktari alisimama pale akalia. Akasema, "Mntambo, sina cha kukulipa. Lakini gari hili likinipeleka mimi mpaka mwisho wangu, baada yangu ni lako."

Walikuwa wawili tu. Hapakuandikwa, hapakuwa na shahidi. Tangu siku ile Mntambo hakupokea tena hata senti ya ufundi. Daktari akitoa fedha, yeye anasema, "Weka, Daktari. Natunza changu." Akabadilisha breki, natunza changu. Akaziba rejeta, natunza changu. Akaota, kimyakimya, kwamba siku mikono itakapokataa spana, atakaa kwenye usukani wa Pijo, apeleke watu sokoni na kliniki, apate cha kulia uzeeni.

Kisha Daktari akaanguka bila kusema neno. Mntambo alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Alirudi nyumbani, akanawa udongo, akamwambia mkewe, "Mfiwa haendewi na madai." Basi. Akanyamaza mwaka mzima.

Na sasa amesimama mbele ya boneti, na Mwalimu anamwambia, "Fundi, mimi najua jedwali la kuzidisha, gari silijui. Ukisema ninunue, nanunua. Ukisema nisinunue, narudi nyumbani. Neno lako ndilo."

Mnaona mahali aliposimamishwa mtu yule? Neno moja tu. "Bovu." Mwalimu angekwenda zake. Nani mwingine wa Muheza angenunua Pijo iliyokataliwa na Mntambo? Ingekaa bandani mwaka, miaka miwili, bei ingeshuka mpaka ifike kwenye mfuko wa fundi maskini.

Mntambo akafungua boneti. Akavuta kijiti cha oili, akakifuta, akakitumbukiza, akakivuta tena, akanusa. Akawasha. Injini ikakohoa mara moja, ikakubali. Akainamisha kichwa, akaisikiliza kama unavyosikiliza kifua cha mtoto. Akalala chini ya gari, zikaonekana ndala zake tu. Akatoka, akalipeleka barabarani na Mwalimu kando yake, likapanda kilima, likashuka, breki zikashika. Waliporudi akazima, akainua tena boneti kutazama, akafuta mikono.

"Injini nzima," akasema. "Gia nzima. Breki nimebadilisha mimi, zina miaka mingine. Lakini iko kasoro moja, na Mama Daktari haijui, msimlaumu. Chini ya mkeka, nyuma kushoto, sakafu imeliwa na kutu. Niliifunika kwa bati nikingoja nafasi ya kuichomelea vizuri. Hiyo nitaichomelea mimi, sitaki fedha."

"Fundi," akasema Mwalimu, "nikuulize kwa haki ya Mungu. Ungekuwa wewe, ungenunua?"

Mntambo aliangalia mikono yake.

"Ningenunua, Mwalimu," akasema. "Ningenunua leo hii."

Hilo la pili. Liwekeni kando.

Mwalimu akatoa bahasha. Mama Daktari akaipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye pindo la khanga, akamkabidhi ufunguo. Akaomba sala fupi ya kwao, Mwalimu akaomba dua fupi ya kwao, wakaingia ndani kunywa chai. Kibwana akaingia siti ya nyuma, akaomba aachwe humo apumzishe mguu. Kwa kweli alitaka tu kukaa mle.

Mntambo alikwenda nyuma ya nyumba kunawa. Alirudi akidhani wote wako ndani. Akashusha boneti polepole, isigonge. Akachukua pindo la ovaroli lake, akafuta taa ya kushoto, akafuta taa ya kulia. Kisha akaweka paji la uso juu ya boneti ile, mabega yakaanza kutikisika.

Kibwana aliona yote kupitia kioo cha mbele. Akaita, "Fundi! Unalia?"

Mntambo akashtuka. "Moshi, kaka. Moshi umeniingia."

"Gari limezimwa nusu saa nzima. Moshi wa wapi?"

Fundi akajifuta uso kwa kiganja.

"Njoo hapa ukae," akasema Kibwana. "Mimi siwezi kukufuata, unauona mguu wangu. Njoo uniambie."

Na kwa sababu alikuwa ameubeba mzigo ule peke yake mwaka mzima, na kwa sababu Kibwana hakuwa mtu wa maneno mengi, Mntambo akakaa kwenye siti ya dereva, akashika usukani, akasema yote bila kugeuka nyuma.

Alipomaliza, Kibwana alipitisha mkono juu ya bega lake, akapiga honi. Wale wanawake wakatoka mbio, vikombe mkononi.

"Mama Zena," akasema, "gari hili lina mwenyewe. Tumekaa kwenye mshahara wa mtu."

Wakaingia wote sebuleni, Kibwana akishikwa huku na huku, na maneno yakasemwa upya mbele ya Mama Daktari. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mume wangu hakuniambia. Lakini miaka kumi na mitatu nilikuwa nikimuuliza, mbona Mntambo halipwi? Akawa ananiambia, analipwa, Damari, we acha. Nilidhani ananidanganya kwa ajili ya fedha." Akaufungua ule mfundo wa khanga, akaitoa bahasha, akaiweka mezani. "Mwalimu, chukua fedha zako. Neno la mume wangu lilitangulia langu. Mntambo, chukua gari lako."

"Silichukui," akasema Mntambo. "Neno la marehemu lisilo na shahidi, kesho watu watasema nimemwibia mjane. Na nikilichukua, bati utapata wapi, Mama? Mwalimu amelipa. Mwalimu ndiye mwenye gari."

Mwalimu akausukuma ufunguo mpaka mbele ya fundi. "Miaka kumi na mitatu ya kazi ni fedha zilizolipwa. Ulilinunua kabla yangu, ukalilipia kidogokidogo. Na leo ungeweza kusema bovu, hukusema. Mtu akinipa ukweli unaomgharimu vile, nitamnyang'anya na gari pia?"

Mntambo akausukuma ufunguo kwa Kibwana. "Kaka ana kidonda. Mimi nina miguu miwili. Gari linapaswa kwenda kwa mwenye shida."

Kibwana akausukuma kwa Mama Daktari. "Nitapanda basi. Kuumia mguu nimezoea. Kuumia roho sijazoea, na umri huu siwezi kujifunza."

Hapo hapo simu ya Mama Daktari ikalia. Masikio yake yalikuwa mazito, kwa hiyo simu yake aliiweka sauti ya juu siku zote, mpaka jirani husikia habari za wajukuu wake. Sauti ikajaa sebule: "Mama, ni mimi Ghalibu. Leo ni Jumamosi. Zile nane nilizokupa jana ukazikataa bado zipo, na naongeza nusu. Yule mtu wako wa neno amekuja?"

"Amekuja, baba," akasema Mama Daktari, akakata.

Mwalimu akatazama dari yenye madoa. Akatazama bahasha yake juu ya meza. Yeye aliyefundisha hesabu miaka thelathini na nne alihesabu palepale kilichokataliwa kwa ajili yake, na machozi yakamtoka.

"Mama," akasema, "kumbe mwenye kudai kuliko sote ni wewe. Lichukue gari lako, umpe Ghalibu, uezeke nyumba."

"Ghalibu!" Mntambo akainuka. "Alifunge riboni, aliegeshe nje ya ukumbi watu wapigie picha?"

"Kwani lilikuwa likifanya nini siku zote?" akauliza Mama Daktari, na kwa mara ya kwanza siku ile wakacheka wote wanne, lakini ufunguo ulikuwa bado juu ya meza na hakuna mkono uliousogelea.

Hawakukubaliana siku ile. Hawakukubaliana wiki ile. Jambo moja tu ndilo walilokubaliana: Alhamisi ni Alhamisi, na kidonda hakingoji baraza. Basi Alhamisi Mntambo alikuwa amekwisha kuichomelea ile sakafu. Mwalimu akakaa kwenye usukani, Mntambo kando yake akimfundisha ile gia ya zamani ya kwenye usukani, Kibwana nyuma na mguu wake umelala. Mama Daktari alisimama kibarazani akawapungia.

Niliwaona wakipita. Nilikuwa dukani, nikasikia ule mlio, nikatoka nje. Na si mimi peke yangu. Mwenye bucha alitoka na kisu mkononi. Wanawake wawili wa rika la mama yangu walisimama na vikapu vyao barabarani, mmoja akamshika mwenzake mkono, wakaangalia mpaka vumbi likatua. Nadhani kila mmoja alikuwa anajiona mle ndani, ana miaka kumi na tisa, na hina haijakauka vizuri.

Waliporudi, gari likaingizwa bandani na ufunguo ukawekwa mezani. Alhamisi ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Kidonda cha Kibwana kikaanza kushikana, pembeni kwanza, kama ngozi mpya inavyopenda kuanza.

Lakini mambo hayawezi kukaa hivyo, ndugu zangu. Bima imebakiza siku chache kwisha, na gari bado limeandikwa jina la marehemu. Ofisi ya kuandikisha magari imesema, leteni mtu mmoja, tuandike jina moja. Masika yako mlangoni, na bahasha imo kabatini kwa Mama Daktari, haijanunua bati hata moja, anasema si yake mpaka gari lipate mwenyewe. Gereji ya Mntambo imefungwa tangu juzi, mikono imekataa. Na Kibwana amebakiza Alhamisi nyingi mbele yake. Ghalibu naye bado anapiga simu.

Jana wamekaa tena wote wanne, wakasema kila mmoja kwa mara ya mwisho.

Fundi kasema: "Mimi niliahidiwa, ni kweli. Lakini aliyeahidiwa si aliyelipa, wala si anayeumwa. Aandikwe Mwalimu."

Mwalimu kasema: "Mimi nimelipa, ni kweli. Lakini nililipa mwezi uliopita, mwenzangu amelipa miaka kumi na mitatu. Aandikwe Fundi."

Kibwana kasema: "Mimi naumwa, ni kweli. Lakini shida si hati. Mwenye hasara kubwa kuliko sote ni aliyekataa mara mbili ya bei ili asivunje neno. Aandikwe Mama, auze atakako."

Mama Daktari kasema: "Mimi nimebaki na maneno mawili, la mume wangu na langu. Nikilitimiza lake, nimevunja langu. Nikilitimiza langu, nimevunja lake, naye hayupo wa kunisamehe. Siandikwi, na siwezi kuandika."

Wakaniita mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ni mzuri, nijaze ile fomu. Nimeijaza yote: rangi, namba ya injini, namba ya chesisi, mwaka wa kutengenezwa. Imebaki nafasi moja, ya jina la mwenye gari. Kalamu ninayo hapa, na kesho asubuhi fomu inatakiwa ofisini.

Basi niambieni ninyi mnaosikiliza. Mntambo aliyesema ukweli juu ya gari lililokuwa lake? Mama Daktari aliyekataa nane kwa ajili ya neno? Au Mwalimu na mumewe, waliokwisha kulipa, na wenye shida, wakaurudisha ufunguo mezani? Je, nani alistahili Pijo ile, niandike jina la nani?